Mkono wa Skevos kwenye Kamba

Shemeji yangu Skevos alikuwa na miaka thelathini na mitatu siku aliposhuka gatini na kusema, "Nilichelewa kuvuta." Alisema maneno hayo mawili tu. Mikono yake ilikuwa imechubuliwa na kamba mpaka nyama inaonekana, na nyuma yake walikuwa wakimteremsha swahiba wake Sakellaris kwenye ubao, damu inamtoka masikioni. Mwaka ulikuwa 1987. Hakuna mtu wa kisiwa chetu cha Kalymnos aliyemuuliza swali la pili.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, maana wanaoifahamu wanapungua. Wazee wetu walizamia sponji, zile zinazoota chini ya bahari, kwa jiwe. Mpiga mbizi anakumbatia jiwe bapa la marumaru lililofungwa kamba, anajitosa nalo, nalo linampeleka mpaka chini. Hana hewa nyingine ila ile aliyoingia nayo kifuani. Akimaliza kukata sponji anashika kamba, anaitikisa mara tatu, na mwenzake aliyeko juu anamvuta. Kwa hiyo watu hawa hufanya kazi wawili wawili, na kila mmoja ana sheria yake. Aliye chini haachani na kamba. Aliye juu haondoi mawazo kwenye kamba, hata nyuki akimtua usoni. Mtu wa Kalymnos anaweza kukukopesha mashua, anaweza kukuoza binti yake, lakini kukupa kamba ashuke yeye ni jambo jingine kabisa.

Baba mkwe wangu alipooza miguu kwa sababu ya mashine za kumpulizia mpiga mbizi hewa, zile zilizowalemaza vijana wengi wa hapa. Akawaapisha wanawe wasiiguse. Ndiyo maana Skevos aliendelea na jiwe la babu yake wakati wenzake wengi walikuwa wameshalisahau. Kaka yake Nomikos, marehemu mume wangu, hakuipenda bahari. Alifungua karakana ya kusafisha sponji. Mimi nilifundisha fasihi kwenye shule ya sekondari ya hapa kwa miaka thelathini na moja. Katika ukoo nilioolewa hakuna aliyewahi kufungwa, wala kuvunja posa, wala kuacha deni nyuma yake. Nilijivunia jambo hilo na ninajivunia bado. Basi nilipoanza kusikia shemeji yangu akiitwa "Mkono Uliolala", kwanza dukani, halafu kanisani, na hatimaye kwa wanafunzi wangu mwenyewe, niliumia mahali ambapo nisingemwonyesha mtu.

Sakellaris hakufa. Alirudi kutoka hospitali ya kisiwa cha Rodi na sikio moja zima na jingine limekufa, akaacha kuzamia. Alianza kupaka rangi mashua bandarini. Hakuja nyumbani kwetu tena. Yeye na Skevos walikuwa wamebatizwa wiki moja, wamejifunza kuogelea kwenye mwamba mmoja, kila mmoja amekuwa msimamizi kwenye harusi ya mwenzake. Sasa wakikutana njiani, Sakellaris alivuka upande wa pili.

Na Skevos hakupewa kamba tena. Hakuna aliyemtangazia marufuku. Waliacha tu kumwomba. Aliingia karakana ya kaka yake, akakaa kwenye kigoda na mikasi mikubwa, akizipunguza sponji ziwe na umbo la kupendeza. Mke wake alifariki mapema bila kumzalia. Kila alfajiri aliingia majini peke yake pale chini ya nyumba yetu, anazama, anatulia, anatoka, kisha anakuja jikoni kwangu na nywele zinadondosha maji, anakula mkate mkavu uliolowekwa kwa nyanya na mafuta ya zeituni, anakwenda kazini. Hakuwa mtu wa kununa. Aliimba. Lakini ukimtazama wakati mashua zinaondoka baada ya Pasaka, ungeona viganja vyake vinakunjika na kukunjuka vyenyewe. Mara moja, Nomikos alipokuwa mgonjwa, nilimuuliza anatamani nini maishani. Alinijibu bila kufikiri kwamba anatamani kukaa na Sakellaris kwenye mashua siku moja tu kabla mmoja wao hajafa. Nilidhani angetamani jina lake lisafishwe. Hilo hakulitaja.

Mwezi wa nne mwaka 2017, Danae alikuja kunigongea. Alikuwa mwongozaji wa filamu kutoka Athene, msichana mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenyewe mpiga mbizi wa mashindano. Alitaka kutengeneza filamu juu ya watu wanaozama kwa pumzi yao wenyewe, na kwa nini wanazama wawili wawili. Alikuwa amesikia kwamba jiwe la mwisho lililofanya kazi liko nyumbani kwangu. Lilikuwapo kweli, limeegemea ukuta chini ya picha takatifu, maana mume wangu alikuwa mtoto wa kwanza na jiwe hukaa kwa mtoto wa kwanza. Nilimpa kahawa na jamu ya mandarini. Nikamwambia jiwe atalipata kwa masharti mawili: habari za mwaka 1987 zisiguswe, na filamu isionyeshwe kabla sijaitazama na kutoa nitakachotaka kitoke. Aliandika, akatia sahihi. Msichana mwenye adabu.

Skevos aliingia wakati ule, ameshika mkasi wake. Danae alimweleza kwamba atakayezama ni yeye Danae, na kijana mmoja bingwa kutoka Athene atavuta. Skevos alilipapasa lile jiwe kama mtu anayempapasa punda wake.

"Binti yangu," alisema, "jiwe halina tatizo. Kamba ndiyo yenye mwenyewe."

Kesho yake alikwenda kwa Sakellaris. Alinihadithia mwenyewe, na ndiyo mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilipomwona akicheka mpaka anashika meza. Alimkuta swahiba wake amechuchumaa anapaka rangi ubavu wa mashua. Akasimama pembeni yake, akavua kofia, akasema yote aliyokuwa ameyapanga usiku kucha: kwamba wamezeeka, kwamba bahari haina kinyongo na mtu, kwamba yuko tayari kushuka yeye na Sakellaris amvute. Alisema kwa muda mrefu. Sakellaris aliendelea kupaka. Skevos akavaa kofia yake, akageuka kuondoka.

"Wewe," Sakellaris akasema, bila kuinua kichwa. "Zunguka upande huu. Hapo ulipokuwa unahutubia hakuna mtu."

Alikuwa amesimama upande wa sikio lililokufa.

Ikabidi Skevos arudie hotuba nzima, safari hii kwa ufupi. Sakellaris alimsikiliza hadi mwisho, akachovya brashi, akasema hapana, hatamvuta. Kisha akasema yeye ndiye atakayeshuka. Skevos ndiye avute.

Hapo kicheko cha Skevos kiliishia. Alirudisha kipande cha mkate sahanini. Nami nilisema yale ambayo mtu mwenye akili angesema. Sakellaris ana miaka sitini na mitatu na sikio bovu. Akipatwa na jambo chini ya mkono uleule, mbele ya kamera, hatutapita tena mbele ya kanisa hili, si yeye, si mimi, si binti yangu anayekuja kila kiangazi na wajukuu. Nilimkataza. Niliwahi kumkataza mambo machache sana.

"Shemeji," alisema, "ameomba kamba yangu. Miaka thelathini hakuna aliyeiomba."

Nilikwenda kutandua kitanda kilichokuwa hakihitaji kutanduliwa.

Habari zilienea kabla ya saa sita mchana. Nilipokwenda kununua mkate, Irini mwoka mikate, ambaye kaka zake wote wawili ni wapiga mbizi, aliniuliza huku akifunga karatasi, "Mwalimu, nasikia Mkono Uliolala anaingia kwenye sinema. Watampiga picha akiwa macho, au amesinzia?" Watu wawili waliokuwa nyuma yangu walikohoa. Nilimjibu kwamba watampiga picha akifanya kazi, na kwamba yeye wakija watampiga picha akisema watu, maana kila mtu atapigwa akiwa kwenye shughuli yake. Nilichukua mkate wangu nikaondoka polepole.

Tulitoka asubuhi ya Jumamosi, bahari imelala kama kitambaa kilichopigwa pasi. Tulikuwa Skevos, Sakellaris, Danae na kamera yake, na mpiga picha mmoja aliyekuwa tayari majini na miwani yake. Mimi niliketi nyuma, mkoba mapajani. Sikualikwa. Nilisema jiwe ni langu, kwa hiyo nitakwenda linapokwenda.

Walikubaliana pima tano tu, kama mita tisa. Sakellaris alivua shati. Kifua chake kilikuwa kimejaa mvi na tumbo limeshuka, lakini alipokumbatia jiwe mabega yake yalirudi mahali pake, nikamkumbuka kijana aliyekuwa akicheza ngoma mstari wa mbele. Skevos aliilowesha kamba, akaipitisha viganjani mara moja kwenda na mara moja kurudi. Hawakutazamana. Sakellaris alivuta pumzi tatu, ya nne akaishika, akaondoka. Maji yalijifunga juu yake bila kelele.

Skevos alianza kuhesabu. Baba yake alimfundisha kuhesabu kwa sala: "Bwana hurumia" moja, kisha nyingine, taratibu, sawa na mpigo wa moyo uliotulia. Kamba ilipita vidoleni mwake ikijiachia yenyewe, kisha ikasimama. Chini. Nilitazama viganja vyake na makovu yake meupe. Havikuwa vimeikaba kamba wala havikuwa vimeilegeza, vilikuwa vinaisikiliza. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano. Danae alikuwa ameacha kutazama kamera yake. Mimi nilianza kuhesabu pamoja naye, kisha nikagundua kwamba nimempita, nikanyamaza.

Kwenye thelathini na moja kamba ilitikisika mara tatu.

Sijui kama kuna kitu chepesi kuliko mwendo ule. Mkono juu ya mkono, mkono juu ya mkono, kamba ikijikunja miguuni pake kwa duara. Sakellaris akatokeza akiwa amesimama juu ya jiwe, kama mtu anayepandishwa ghorofani. Alipuliza, akatema maji, akashika ubavu wa mashua. Mkononi alikuwa na sponji ndogo nyeusi isiyozidi kikombe.

"Umezeeka," alimwambia Skevos. "Unavuta kama bibi anayeanua nguo."

"Na wewe umenenepa," Skevos akasema. "Nilidhani nimenasa mwamba."

Kisha wote wawili walikaa chini kwenye mbao, magoti yao yakigusana, wakatazama pande tofauti. Niliona bega la Skevos likitikisika na sikutaka kujua kama ni kicheko.

Danae hakuuliza kitu. Nashuhudia hilo, maana baadaye wengine walisema alimchokoza. Sakellaris mwenyewe aliinua uso, akaangalia kamera, akasema kuna neno anataka kulisema na lisipotoka leo halitatoka.

"Mwaka ule," alisema, "nilifunga mfuko wa sponji kwenye kamba, nikatikisa mara tatu, nikabaki chini. Huyu alivuta palepale. Hakuchelewa hata kidogo. Alivuta sponji."

Skevos alimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Alieleza kwamba mwaka wa kabla yake ugonjwa ulikuwa umeingia baharini, kila sponji waliyoishika ilimomonyoka kama mkate uliolowa, na siku ile, kwenye pima kumi na tano, aliona mbili nzima, kubwa kuliko kiti cha mkahawani. Mfuko ulijaa kwa moja. Ya pili hakutaka kuiacha. Majini mtu hana uzito, na mfuko uliojaa ukichanganywa na jiwe humlaghai mvutaji yeyote. Skevos angejuaje kwamba anavuta mfuko. Yeye Sakellaris alijiambia atakata ya pili, atapanda mwenyewe kwa miguu yake. Hakufika. Skevos alipoona mfuko umetokeza bila mtu, alijitosa na nguo na viatu, akamkuta ananing'inia kwenye maji ameshazimia, akampandisha, akamtupia kamba kwapani na kumvuta ndani peke yake. Ndiko mikono ilikochubukia.

Niliuliza mimi. Sikuweza kujizuia. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza.

"Nilipozinduka kule Rodi, Mwalimu, habari ilikuwa imeshafika na kukaa kitako. Na aliyeileta ni yeye. Ningefanyaje? Nimwite swahiba wangu mwongo?" Alifuta uso kwa shati lake. "Nikawa kila nikimwona naona nilivyo. Nikahama barabara."

Skevos alikuwa akikunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitunguu, kwamba mashua zote wakati ule zilikuwa za baba yake Sakellaris, na yule mzee asingempa mashua mtu aliyeachana na kamba, hata awe mwanawe. Na Sakellaris alikuwa na mapacha wa miezi miwili. Yeye Skevos hakuwa na mtoto. "Ilikuwa hesabu rahisi," alisema.

Sikusema nao mpaka tulipofika gatini. Nilikuwa na hasira na wote wawili. Walikuwa wamechukua jina la ukoo wangu na kuligawana kama kipande cha jibini, bila kuniuliza.

Lakini nilipofika nyumbani hasira ilianza kugeuka furaha. Maneno yalikuwa ndani ya kamera. Filamu ingeonyeshwa Athene, ingeonyeshwa hapa, na Irini angekaa kwenye kiti chake asikie. Nilisubiri miezi saba. Danae alipoleta filamu tuliitazama jikoni, mimi na Skevos, kwenye kompyuta ya binti yangu. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Yale maneno yalikuwapo yote.

Skevos alisubiri mpaka mwisho. Kisha akaniomba niitoe sehemu ile.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwamba miaka thelathini nimepita madukani nikiwa nimeinua shingo mpaka inauma, na kwamba kaka yake alikufa akiamini kwamba mkono ule ulilala kweli. Hilo lilimgusa, niliona. Hakubishana. Alisema tu kwamba Sakellaris sasa anakuja kila Jumapili, wanakwenda majini pamoja, na kwamba mtu husema mambo mashuani, mwili ukiwa umelowa, ambayo hangeyasema akiwa amevaa viatu. "Wakimcheka barabarani atahama tena barabara," alisema. "Nitampoteza mara ya pili, Shemeji. Na safari hii nitakuwa nimemwacha mimi."

Kwa siku mbili sikumwekea chai. Siku ya tatu niliitazama filamu peke yangu. Nilifika pale kwenye viganja vyake, Danae alikuwa ameviacha kwa muda mrefu, hakuna muziki, ni "Bwana hurumia" tu na sauti ya maji ubavuni. Nilirudia pale mara nne. Nilielewa kwamba jambo lile Skevos alilifanya kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, na amelibeba bila kulalamika mpaka mvi. Kulitangaza bila idhini yake kungekuwa kumnyang'anya. Nikamwandikia Danae barua, nikamwomba akate kuanzia "Mwaka ule".

Filamu ilionyeshwa kwetu mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, alasiri ya Jumapili, kwenye ukumbi wa shule niliyofundisha. Watu walijaa mpaka madirishani. Viganja vya Skevos vilipotokea, vikubwa kuliko mlango, ukumbi mzima uliinama mbele. Watu wa hapa huenda wasijue sinema, lakini wanajua mkono ulioko kwenye kamba. Mzee mmoja mbele yangu alikuwa akihesabu midomoni. Kamba ilipotikisika, viganja vilikuwa vimeshaanza kuvuta kabla jicho langu halijaona. Irini hakugeuka kunitazama. Nilitosheka na hilo. Nilijiambia nitatosheka.

Taa zilipowaka, Sakellaris alinijia akisukuma viti, amevaa koti la harusi.

"Mwalimu, nani amenikata?"

Nilimwambia ni mimi. Nilimweleza kwa sauti ya chini, kwenye sikio zima, kwamba Skevos aliomba, kwa ajili ya heshima yake.

"Heshima yangu? Nimevaa tai. Nimemleta mke wangu, nimewaleta mapacha kutoka Pireo na wake zao, nimewaambia kaeni mbele msikie. Miaka thelathini nimelibeba, nimelitoa kwa shida kama jino, na ninyi mmeliacha sakafuni Athene?" Alimtafuta Skevos kwa macho, akampata kando ya mlango. "Na wewe. Uliniamulia mara ya kwanza nikiwa nimezimia. Sasa niko macho."

Hakusema zaidi pale. Alitoka akawaongoza wote, mapacha na wake zao, mpaka mkahawa wa gatini, nusu ya ukumbi ikamfuata. Mimi huwa siingii mkahawa ule. Siku ile niliingia. Alisimama, akachukua bakuli la sukari likawa jiwe, kitambaa cha mkono kikawa mfuko, mkanda wake wa suruali ukawa kamba. Akawaonyesha hatua kwa hatua alivyofunga, alivyotikisa, alivyobaki. Alipofika kwenye kujitosa kwa Skevos na viatu vyake, suruali ilimteleza, ikabidi aishike kwa mkono mmoja na kumalizia kwa mwingine. Watu walicheka, naye alicheka. Mmoja wa mapacha, mtu mzima mwenye ndevu, alisimama akaenda mahali Skevos alipokaa, akainama, akambusu mkono. Ule wa kulia.

Kwa hiyo ninaloandika hapa si siri niliyoiba. Limesemwa mchana, mbele ya watu, na mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Irini aliniletea mkate nyumbani, wa moto, jambo ambalo hajawahi kufanya. Alisimama mlangoni, akasema kaka yake mdogo anataka kujaribu kuzama kwa jiwe, yeye na wenzake watatu, na anauliza kama Skevos atakubali kuwashikia kamba. Hakuomba radhi, nami sikumdai. Nilimwambia amuulize mwenyewe, yuko majini, atatoka muda si mrefu.

Skevos alikubali, Sakellaris akalipakia jiwe mashuani, na halijarudi nyumbani tangu wakati huo. Nilimtuma mjukuu akalidai, Sakellaris akamrudisha na ujumbe kwamba amwambie bibi jiwe liko kazini. Chini ya picha takatifu pamebaki alama nyeupe sakafuni. Ninafagia pale kila siku, na sijaweka kitu kingine.